Kipimo Kwanza, Vidonge Baadaye

Ugonjwa wa njia ya mkojo umezoeleka mno hapa nchini, hata umegeuka kuwa jambo la kununuliwa vidonge njiani. Mwalimu wa Mkuyuni anayechomwa na mkojo alfajiri hupita duka la dawa kabla ya kengele, hutaja dawa aliyopewa mwaka jana, hununua nusu ya dozi, na kwenda darasani. Baada ya miezi miwili maradhi hurudi. Tunauliza swali ambalo ni nadra kuulizwa: je, sukari katika damu yake imepimwa lini?

Swali hili si la bure. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta na kisukari watu wapatao 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Huo ndio umri wa watumishi wetu.

Mwili una walinzi wake. Ukuta wa kibofu hutoa protini zinazoua vijidudu kabla havijajishikiza, na chembe nyeupe za damu huvimeza vilivyopenya. Sukari inapozidi, ulinzi huo hulegea pande zote. Chembe nyeupe hupungukiwa nguvu. Na mishipa ya fahamu ya kibofu ikidhurika, mkojo hautoki wote, hubaki ndani kama maji ya dimbwi. Mwaka 2022 wataalamu wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walionyesha kwamba wenye kisukari wana upungufu wa soriasini, mojawapo ya protini hizo za ulinzi, na kwamba pasipo hiyo bakteria hupata njia. Katika majaribio yao homoni ya estrojeni iliurudishia ukuta nguvu. Hiyo si ruhusa ya mtu kwenda kuinunua dukani!

Basi mwenye kisukari anaitegemea dawa kuliko mwingine, na dawa zenyewe zinatuponyoka. Utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, Mwanza ikiwamo, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya bakteria waliopatikana katika mkojo wa wagonjwa wa Tanzania walikuwa sugu kwa dawa za makundi kadhaa. Nusu dozi zetu hazikosi sehemu yake katika habari hiyo.

Hapana budi zahanati zibadili mwenendo. Anayerudi mara ya pili na ugonjwa wa mkojo atobolewe kidole, apimwe sukari. Ni kazi ya dakika moja. Aliyekwisha kujulikana kuwa na kisukari, mkojo wake uoteshwe maabara kabla hajabadilishiwa dawa. Hospitali ya Bugando haiko mbali na Mkuyuni, lakini mkojo haukai juani: halmashauri ziweke utaratibu wa kuufikisha mapema, ukiwa katika ubaridi.

Na mtumishi wa umma, ambaye hukatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya Bima ya Afya, kwa nini atibiwe kwa kubahatisha? Walimu wakuu nao wasimwone mvivu mwalimu mwenye kisukari anayetoka darasani mara kwa mara kwenda haja, kwa maana kuubana mkojo na kujinyima maji humzidishia maradhi. Akipata homa, kutetemeka na maumivu ya ubavuni, huenda vijidudu vimekwisha kufika kwenye figo; huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.