Mgawo wa Diski ni Suala la Haki, Si la Mafundi Pekee

Mkulima wa Dakawa hahitaji shahada ya uchumi ili aelewe maana ya mgawo. Skimu ya umwagiliaji ya hapo, yenye takriban hekta 2,000 chini ya ushirika wa UWAWAKUDA, huvuta maji ya mto Wami kwa pampu na kuyapeleka mashambani kwa mifereji. Katika kilimo cha namna hiyo, aliye kichwani mwa mfereji akifungulia maji bila kiasi, aliye mkiani hubaki na jaruba kavu. Bila zamu, na bila mtu wa kuzisimamia, mpunga wa wengi hukauka.

Mantiki hiyohiyo inatawala chombo tunachokitumia kila siku bila kukitafakari: seva ya pamoja ya chuo, ya kituo cha utafiti au ya ofisi ya umma. Diski zake ni mfereji mmoja wenye watumiaji wengi. Zikijaa, haadhibiwi aliyezijaza peke yake. Barua pepe za wote hukwama, hifadhidata hushindwa kuandika, na kazi ya yule aliyetumia nafasi ndogo kuliko wote inaweza kupotea. Kwa hiyo kikomo kwa kila mtumiaji ni cha lazima, na hilo silipingi. Ninalohoji ni hili: nani anakipanga, kwa kigezo gani, na anayebanwa amlilie nani?

Vikomo hivi si vipya. Vilikuwamo katika toleo la Unix la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, la mwaka 1983, vikitokana na kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Melbourne. Vilizaliwa vyuoni, mahali ambapo watu wengi waligombania mashine moja. Tangu mwanzo vilikuwa viwili: kikomo cha onyo, ambacho mtumiaji anaweza kukivuka kwa muda, na kikomo cha mwisho kisichovukika. Katika mifumo mingi ya leo ya jamii hiyo, muda huo kwa kawaida ni siku 7. Aidha, huhesabiwa idadi ya mafaili na si ukubwa wake tu, kwani haba na haba hujaza kibaba. Falsafa iliyomo ni ya kiungwana: mtu huonywa kabla ya kunyimwa.

Tatizo huanza pale tunapodhani kwamba kugawa sawa ni kugawa kwa haki. Mwaka 2021 Google ilitangaza kwamba vyuo vilivyozoea nafasi isiyo na ukomo vitapewa terabaiti 100 za kugawana kwa kila taasisi kama kiwango cha msingi, utaratibu ulioanza mwaka 2022. Chuo chenye watumiaji 20,000 kikigawa sawasawa, kila mmoja anapata gigabaiti 5. Kwa mwanafunzi wa fasihi anayeandika tasnifu, hiyo ni bahari. Kwa mwenzake anayepiga picha za majaruba ya Dakawa kwa droni ili afuatilie ukuaji wa mpunga wa SARO 5, inaweza isitoshe hata kwa wiki moja. Kugawa kwa cheo ni kubaya zaidi: mkubwa mwenye mafaili machache hupewa ghala, mtafiti mchanga hupewa kibaba.

Kwa watumishi wa umma, hatari ni nzito zaidi. Kikomo kikibana na njia ya kuomba nyongeza isijulikane, mtumishi hutafuta kichochoro: flashi, barua pepe binafsi, WhatsApp. Hapo nyaraka ya umma imehama ofisini bila kibali wala kumbukumbu. Tuna sheria ya usimamizi wa kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote mbili zinaweza kudhoofishwa kimyakimya na mgawo uliopangwa vibaya.

Wapo watakaosema diski ni rahisi siku hizi, zinunuliwe tu. Lakini diski haiji peke yake. Inadai nakala rudufu, umeme, ubaridi na mtaalamu wa kuitunza. Tena nafasi ikiongezwa bila utaratibu, matumizi huifuata hadi ijae.

Elinor Ostrom, aliyetunukiwa Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zinazotumia mali ya pamoja, wamwagiliaji wakiwamo. Alionyesha kwamba mali hiyo hudumu pale ambapo watumiaji wenyewe hushiriki kutunga kanuni, ukiukaji huadhibiwa hatua kwa hatua, na migogoro husuluhishwa karibu na kwa gharama ndogo.

Tuyalete hayo kwenye seva zetu. Kanuni za mgawo ziandikwe kwa Kiswahili na zibandikwe hadharani. Wanafunzi na watumishi wa ngazi ya chini wawemo katika kamati inayozipanga. Mgawo ufuate kazi, si cheo. Akaunti za walioondoka zikaguliwe kila mwaka, data zao zenye thamani zihamishiwe kwenye hifadhi ya kudumu, na nafasi irudishwe kwa walio kazini. Faili la mtu lisifutwe bila taarifa ya maandishi na muda wa kujibu. Na anayekataliwa nyongeza apewe sababu, pamoja na mahali pa kukata rufaa.

Mambo haya hayadai bajeti kubwa. Yanadai wakuu wa taasisi wakubali kwamba msimamizi wa mfumo, anapoandika tarakimu ya kikomo mbele ya jina la mtu, anagawa mali ya umma. Anayegawa mali ya umma hupaswa kuwajibika kwa umma.