Wanaouhukumu Muziki wa Hevi Metali Hawajausikiliza

Katika nchi hii ya vilima na mabonde, tangu Ngara mjini mpaka Biharamulo, na katika vituo vya Lusahunga na Nyakanazi ambako malori yaendayo Rwanda na Burundi hupumzika, pana itikadi iliyokita mizizi katika vifua vya wazee na vijana, wasomi na wasiosoma, nayo ni kwamba muziki uitwao hevi metali ni kelele tupu, kwamba ni mali ya Wazungu isiyotuhusu, na kwamba ndani yake amejificha shetani. Kijana aendaye kwa fundi wa kuingiza nyimbo kwenye memori kadi akaomba nyimbo za namna hiyo hutazamwa kama mtu aliyepatwa na maradhi. Nasema itikadi hiyo ni batili, na ubatili wake hautokani na upungufu wa akili wa wanaoishika, ambao wengi wao ni watu wa busara katika mambo mengine, bali hutokana na kutoa hukumu kabla ya kusikiliza ushahidi, jambo ambalo hakuna mzee wa baraza, katika shauri la mpaka wa shamba au la mbuzi aliyepotea, angelikubali litendeke mbele yake.

Tuutazame basi ushahidi, na tuanze na hiyo shutuma ya kelele. Mwezi wa Machi 2024 kundi la Judas Priest la Uingereza lilitoa albamu iitwayo Invincible Shield, ambamo mwimbaji Rob Halford, aliyekuwa na umri wa miaka 72, anaipandisha sauti mpaka mahali ambapo waimbaji wa nusu ya umri wake hawathubutu kufika, na magitaa mawili yanajibizana kwa adabu kama watu wawili wanaopokezana mashairi. Na ingawa naona nyimbo za mwishoni zinafanana kupita kiasi, mtu asiyesikia lahani katika albamu hiyo ana haja ya kuisikiliza mara ya pili. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Blood Incantation, Wamarekani wa jimbo la Colorado, walitoa Absolute Elsewhere, ambayo ni ya tawi jingine kabisa, tawi la deth metali ambalo mwimbaji wake huunguruma badala ya kuimba. Albamu hiyo ina tungo mbili tu, kila moja ya dakika 20 na ushei, na kila moja imegawanywa katika sehemu tatu. Na aliyestahimili ngurumo za mwanzo hukuta zinapisha vinanda vya taratibu, vyenye utulivu wa maji ya ziwa asubuhi, kabla ghadhabu haijarejea. Watu waliokaa wakapanga kazi ya urefu huo, wakajua ni wapi pa kupiga kwa nguvu na ni wapi pa kunyamaza, hawakufanya kelele. Na hizo ni albamu mbili tu za mwaka mmoja, ambazo hazifanani kwa mwendo, kwa sauti wala kwa makusudi, lakini kwetu zote hutiwa katika kapu moja na kutupwa.

Uzito wenyewe wa muziki huu una asili ambayo mtu wa kazi ya mikono ataielewa. Tony Iommi wa Birmingham, kijana wa kiwandani, alikatwa na mashine ncha za vidole viwili vya mkono wake wa kulia, ambao ndio aliobonyezea nyuzi kwa kuwa alipiga gitaa kwa mashoto. Akayeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko vya vidole, na baadaye akazilegeza nyuzi ili zisimtese, na zilipolegea sauti ikashuka ikawa nzito. Mwezi wa Februari 1970 yeye na wenzake wa Black Sabbath walitoa albamu yao ya kwanza, na kutoka humo matawi yote yakachipuka.

Sasa nije karibu na kwetu, maana hapa ndipo ile hoja ya ugeni inapoanguka. Martin Khanja na Sam Karugu, vijana wa Nairobi, waliunda kundi la Duma, na mwaka 2020 albamu yao yenye jina hilo hilo ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni ya tawi la graindikoo, lenye mwendo wa kasi kuliko yote, na ngoma zake hupigwa na kompyuta kwa haraka isiyowezwa na mikono ya mwanadamu. Lebo hiyo hiyo ndiyo iliyotoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyiko wa singeli ya Dar es Salaam, ambayo mapigo yake hupita 200 kwa dakika. Singeli hupigwa katika harusi zetu, na walio wepesi wa kulaani hevi metali huicheza mpaka jasho likawatoka. Basi kasi ile ambayo ni furaha ikitoka Tandale inakuwaje wazimu ikitoka Nairobi?

Mwaka 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept. Wageni aliowaalika ni wengi mno, nao wanaivuta kazi huku na huku, hata pana mahali ambapo mwenyeji humsikii vizuri nyumbani mwake. Lakini ndani yake mna ukelele wa mtu mwenye sababu ya kulia, kwani yeye ni kitukuu cha Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha Fildi Masho katika vita vya Mau Mau na kufariki mwaka 2023, na kumbukumbu ya bibi huyo ndiyo roho ya albamu. Watu wa Ngara, ambao mwishoni mwa Aprili 1994 waliona wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 wakivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24, na kambi ya Benaco ikageuka mji wa msiba mbele ya macho yao, wanajua kwamba yako mambo ambayo sauti nyororo haiwezi kuyabeba. Kwaya zetu huyabeba kwa namna yake, nami nazipenda. Ila sioni kwa nini namna hiyo iwe ndiyo pekee iliyo halali.

Na ngoma je? Ng'ambo ya mpaka wetu, Burundi, wako wapigaji wa ngoma za kifalme ambazo UNESCO iliziandika mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa wanadamu, na Wahangaza wa Bugufi, ambao lugha yao na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, hawahitaji kuelezwa adhama yake. Wapigaji hao walirekodiwa na Wafaransa mwaka 1967. Mwaka 1971 rekodi hiyo ikaongezewa magitaa na kinanda huko Ulaya ikauzwa kwa jina la Burundi Black, na ilipofika mwaka 1980 vijana wa London waitwao Adam and the Ants walikuwa wakiiga mdundo wake kwa seti mbili za ngoma jukwaani. Waingereza hawakuona haya kuchukua mdundo wa jirani zetu wautie katika roki yao, nasi tunawakataza watoto wetu kuligusa gitaa lao kwa hoja kwamba si letu.

Imebaki shutuma ya shetani, na hapa sitaficha kitu. Huko Norwe, mwaka 1992 na baadaye, baadhi ya vijana wa tawi la bleki metali walichoma makanisa ya kale ya mbao, na damu ilimwagika. Ulikuwa uovu, na mahakama ziliwaadhibu waliopatikana. Lakini Marekani, mwaka 1986, kundi la Kikristo la Stryper lilikuwa likipiga muziki wa jamaa hiyo hiyo na kuwarushia watazamaji Agano Jipya kutoka jukwaani. Chombo kimoja kimeshikwa na mikono miwili iliyo mbalimbali. Aadhibiwe mwenye mkono. Hata hapa jirani, mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alilipiga marufuku tamasha la Nyege Nyege la Jinja, la watu wale wale wa lebo iliyoitoa Duma, kwa tuhuma za kupotosha maadili, na baada ya siku chache tamasha likaruhusiwa likafanyika.

Ombi langu ni kwa watayarishaji wa vipindi vya muziki katika redio zinazosikika huku kwetu, kwamba mara moja kwa wiki, usiku, watenge nusu saa, wataje jina la tawi na la kundi kabla ya kupiga, na wasianze na Duma, ambayo itamfukuza msikilizaji mgeni katika dakika ya kwanza. Waanze na Judas Priest, wafuatishe Black Sabbath ya 1970, na wiki ya tatu au ya nne wamlete Lord Spikeheart, wakimtaja Muthoni wa Kirima kwa jina kabla ya kufungulia sauti. Atakayechukia baada ya hapo na achukie, nami nitamsikiliza kwa heshima, maana atakuwa na la kusema.