Pokémon: kiumbe gani ana faida kweli kwa mchezaji wa Likasi?

Tarehe 16 Oktoba 2025 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifungua tena mlango wa kuuza kobalti nje ya nchi, mlango uliokuwa umefungwa tangu Februari 22. Safari hii mauzo yamewekewa viwango: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka 2025, kisha tani 96,600 kwa mwaka 2026 na kiasi hichohicho kwa 2027. Siku hiyohiyo, mchezo mpya wa video wa Kijapani, Légendes Pokémon: Z-A, ulianza kuuzwa duniani.

Huenda hakuna aliyepanga habari hizo mbili zikutane. Lakini kwa mtu wa Likasi, mji uliojengwa juu ya shaba na kobalti, wenye viwanda vya Shituru, zinakaribiana kuliko zinavyoonekana. Mashine ya kuchezea hutumia batri, na batri nyingi za vifaa vidogo kama simu zina kobalti ndani. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka katika ardhi ya nchi yetu.

Mchezo huo mpya uliuzwa Marekani kwa dola 60, na mashine mpya ya Nintendo ya kuuchezea kwa karibu dola 450. Kijana wa Kikula au Panda asiye na pesa hizo anabaki na matoleo ya zamani, ambayo simu ya kawaida huweza kuyabeba. Basi tuzungumzie hayo: toleo la kwanza, lililotoka Japani tarehe 27 Februari 1996 likiwa na viumbe 151, na Rouge Feu la mwaka 2004 ambalo linasimulia safari ileile.

Swali ambalo wachezaji hubishania kila siku ni hili: kati ya viumbe wote hao, ni yupi wa kumchukua na yupi wa kumwacha?

Nguvu si sawa na faida

Wengi hujibu kwa kutaja aliye na nguvu kuliko wote, na jina la Mewtwo hutoka haraka. Lakini Mewtwo hupatikana baada ya mchezaji kumshinda bingwa wa ligi, yaani kazi ikiwa imekwisha. Kwa safari yenyewe msaada wake ni sifuri. Ni kama jembe linaloletwa baada ya mavuno.

Dracolosse naye yuko karibu na hapo. Mchezaji anamchukua Minidraco akiwa mdogo, anamlea hadi kiwango cha 30 awe Draco, kisha hadi cha 55 ndipo awe Dracolosse. Ukifika 55 uko tayari mbele ya mlango wa wale wanne wa mwisho. Umemlisha njia nzima ili akusaidie hatua chache.

Kwa hiyo faida ya kiumbe inapimwa kwa maswali manne. Anapatikana mapema au kwa kuchelewa? Anahitaji mafunzo kiasi gani kabla ya kuanza kazi? Anafungua milango gani? Na kazi yake inaweza kufanywa na mwingine uliye naye tayari?

Orodha nyingi zinazosambaa kutoka Ulaya na Marekani hazilipi uzito swali la pili, kwa sababu mwandishi wake ana umeme usiku kucha. Hapa kwetu, ingawa mto Lufira unazungusha mitambo ya Mwadingusha na Koni, kila nyumba inajua mgao wa umeme, délestage, una maana gani. Saa moja ya kumlea kiumbe dhaifu ni sehemu ya batri ambayo kesho inatakiwa kupiga simu ya kazi au kupokea pesa. Kwa hiyo gharama ya mafunzo ndiyo kipimo cha kwanza.

Wanaoanza kazi mara moja

Tuanze na wale watatu wa mwanzo. Salamèche anapendwa kwa sababu mwishoni anakuwa Dracaufeu. Lakini msimamizi wa kwanza, Pierre, anatumia viumbe wa mawe, na wa pili, Ondine, anatumia wa maji. Wote wawili wanauzidi moto. Anayemchagua Salamèche anaanza safari kwa deni. Bulbizarre anawapita wote wawili kwa urahisi, na umeme wa msimamizi wa tatu, Major Bob, haumuumizi sana. Carapuce yuko katikati, ila maji yake yanakuja kusaidia tena mwishoni, kwa Auguste wa moto na Giovanni wa ardhi.

Kisha yuko Triopikeur. Katika pango la Taupiqueur, karibu na mji wa Carmin sur Mer, mchezaji mwenye bahati humkamata akiwa tayari kwenye kiwango cha 29 hadi 31. Raichu wa Major Bob yuko kwenye 24 tu, na umeme haumgusi kabisa kiumbe wa ardhi. Huyu hahitaji kulelewa, anaingia kazini siku ileile. Ronflex naye ni hivyo: ukimwamsha barabarani yuko kwenye kiwango cha 30, ana uhai mwingi na anavumilia mapigo.

Canarticho hudharauliwa kwa kuwa hapigani vizuri. Lakini anapatikana Carmin sur Mer kwa kubadilishana na Piafabec, ndege wa kawaida kabisa, na anaweza kujifunza Coupe na Vol. Moja hukata miti inayoziba njia, nyingine hukurudisha mji wowote uliokwisha kuufikia. Anayehesabu ushindi tu atamtupa. Anayehesabu muda uliookolewa atambeba hadi mwisho.

Anayesubiriwa

Magicarpe ndiye mtihani wenyewe. Kabla ya kuingia Mont Sélénite, mtu mmoja anamuuza kwa 500. Samaki huyo hajui chochote ila kurukaruka, na anaishi hivyo hadi kiwango cha 15. Kwenye kiwango cha 20 anageuka Léviator, mmoja wa viumbe wanaotisha katika nusu ya kwanza ya safari.

Je, inafaa kumsubiri? Inategemea nani anambeba njiani. Viwango hivyo haviji bure: wenzake wanapigana, naye anachukua sehemu ya uzoefu wao. Mwenye timu imara anaweza kumudu. Mwenye timu dhaifu anaweza kukwama kabla samaki hajageuka.

Hapo ndipo mchezo unagusa habari ya kobalti. Kufunga mauzo kulikuwa uamuzi wa kusubiri, na bei ya dunia ilipanda zaidi ya mara mbili kati ya Februari na Oktoba 2025. Kwa hazina ya taifa, hesabu inaweza kutoka vizuri. Lakini mchimbaji mdogo na mnunuzi wake ndio waliobeba samaki mgongoni miezi yote hiyo. Swali la haki si kama Léviator ana thamani. Swali ni kama waliomlisha watapata sehemu yao.

Kadabra na mpaka

Mfano wa mwisho ni Abra. Hukamatwa kaskazini mwa Azuria, na kwenye kiwango cha 16 anakuwa Kadabra, mwenye nguvu nyingi kwa gharama ndogo. Lakini kuwa Alakazam hakutokani na mafunzo. Lazima umtume kwenye mashine ya mtu mwingine. Anageukia huko, kisha unategemea mtu huyo akurudishie.

Kobalti yetu inasafiri njia hiyohiyo. Sehemu kubwa inatoka nchini ikiwa haidroksidi, inasafishwa hasa China, na inarudi Likasi ikiwa batri ndani ya simu tunayoinunua kwa bei ya duka. Viwango vya mauzo vinaweza kuinua bei ya Kadabra. Havitamfanya awe Alakazam hapa nyumbani. Kwa hilo inatakiwa viwanda vya kusafisha, na viwanda hivyo vinataka umeme usiokatika.

Kwa mchezaji, jibu ni fupi. Achukue Bulbizarre au Carapuce, amtafute Triopikeur, ambebe Canarticho, amwamshe Ronflex, na aridhike na Kadabra kama hana mwenzake anayemwamini. Magicarpe amnunue tu ikiwa timu yake inaweza kumlisha bila kulala njaa. Kwa wanaoamua juu ya madini, sharti hilo la mwisho linawahusu pia.