Walitoboa Paa, Sisi Tumwage Zege

Katika Marko 2:1-12 watu wanne wanambeba aliyepooza. Mlango umejaa watu, nao wanatoboa paa. Yesu haulizi nani atalipa gharama ya paa. Anaitazama imani yao.

Hapa Kiseke nyumba nyingi zimejengwa kwenye miinuko na mawe. Mpangaji mwenye kiti mwendo hukuta ngazi mlangoni na choo cha kuchuchumaa uani. Akishalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, atamlipa fundi kwa nini? Na akijenga mteremko, siku akihama anauacha kwa mwenye nyumba. Sisi tunampelekea Ekaristi kwa kuruka kizingiti kinachomzuia yeye kuja kanisani.

Tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Halmashauri nazo hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Ni jambo jema. Lakini mkopo huo ni wa biashara, na mteremko wa mlangoni hauzalishi pesa za marejesho.

Pengo hilo ni letu. Jumuiya inayochangia harusi na misiba haishindwi na mifuko michache ya saruji. Nawe mwenye nyumba, ruhusu kazi hiyo, kisha usipandishe kodi.

Wiki hii mtembelee jirani yako, umuulize: unafikaje chooni? Jumapili njema.