Msafiri wa Gari la Moshi Alale Mji Gani?

Tangu magari ya abiria ya reli mpya yalipoanza kwenda baina ya Nairobi na Mombasa mwezi wa Juni 2017, watu wengi wa bara wamepata hamu ya kutembea pwani. Wengi huhesabu nauli kwa uangalifu mkubwa, lakini hawafikiri watalala mji gani mpaka wamekwisha kushuka stesheni na mizigo mikononi. Hapo ndipo fedha huyeyuka.

Yafikiriwe mambo ya karani mmoja wa Nyeri. Amepata likizo ya siku nne, naye amekusudia kumchukua mama yake mzazi, ambaye hajapata kuiona bahari maishani mwake. Katika kupiga hesabu aliona ya kuwa chumba Voi kingekuwa nafuu kuliko Mombasa, akakata shauri walale Voi siku zote. Siku moja wangeingia mbuga ya Tsavo, na siku ya pili wangeteremka Mombasa kwa gari la moshi, waione bahari na ile Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kisha jioni warudi Voi.

Shauri hilo lina kasoro, nayo haimo katika nauli bali katika saa. Gari lisimamalo vituo vyote vya njiani huondoka Nairobi na Mombasa wakati mmoja, yapata saa 2 asubuhi. Litokalo Nairobi hufika Voi baada ya saa 6 mchana, na Mombasa baada ya saa 8. Litokalo Mombasa hupita Voi kabla ya saa 4 asubuhi. Basi alalaye Voi hufika pwani jua limekwisha kupinduka, na gari la namna hiyo la kurudi ni la kesho yake. Tena stesheni ya Mombasa iko Miritini, nje ya kisiwa, na kutoka hapo mpaka Ngome ni safari nyingine ya barabara. Mama mzee angeiona bahari kama mtu aliyeonyeshwa picha akanyang'anywa.

Mama mwenyewe alipoelezwa alicheka. "Mwanangu," alisema, "ndovu nawajua. Walikula mahindi ya baba yako kabla ule ua wa umeme wa Aberdare haujajengwa. Nipeleke baharini kwanza."

"Lakini Mama, Mombasa vyumba ni ghali."

"Basi tulale siku chache, tule kidogo."

Mama alikuwa na haki kuliko karani. Siku ya kwanza watoke Nyeri alfajiri, wapande gari la haraka la alasiri kutoka Nairobi, walale Mombasa. Siku ya pili yote ni ya bahari. Siku ya tatu wapande gari la asubuhi na kushuka Voi kabla ya saa 4. Mama apumzike, na jua likipoa waingie Tsavo, kwa kuwa lango la mbuga li karibu na mji. Ndovu wa huko ni wekundu kwa udongo wanaojipaka, na hata mkulima aliyewachukia ndovu maisha yake yote hawezi kukosa kuwatazama. Usiku mmoja wa Voi watosha, maana malori ya barabara kuu hayalali. Siku ya nne gari lile lile la asubuhi huwafikisha Nairobi mchana, nao wakalala kwao Nyeri.

Tikiti ya kutoka Voi inafaa ikatwe mapema pamoja na zile nyingine, kwa kuwa wakati wa likizo za shule viti hujaa upesi. Na kila mtu mzima huulizwa kitambulisho stesheni. Cha mama kimefungwa sandukuni miaka mingi, na ufunguo unatafutwa.