Mama Fundi, Mwite Mtu Akusaidie

Leo naomba sisi wa manispaa za Kasuku, Mikelenge na Alunguli tuzungumze habari za mtu anayefanya biashara peke yake.

Tunamjua sote. Ni mama mwenye cherehani moja barazani. Ni kijana anayeziba matairi ya baiskeli. Ni dada wa mandazi anayewasha moto saa kumi za usiku. Yeye ndiye mnunuzi, ndiye fundi, ndiye mtunza pesa. Malaria ikimlaza, biashara nayo inalala.

Methali ya kidole kimoja na chawa tumeisikia tangu utoto. Ni kweli tupu, lakini haituambii kidole cha pili kinalipwa kiasi gani. Na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, sivyo?

Basi tumchukue mama fundi. Masomo yanaanza Septemba, na mwisho wa Agosti kila mzazi anataka shati jeupe na sketi au suruali ya bluu. Machi 8 ni vitenge vya sikukuu ya wanawake. Desemba ni nguo za Noeli na za arusi. Kati ya misimu hiyo kuna wiki za kukaa barazani na kutazama barabara. Msaidizi aitwe lini?

Tupige hesabu pamoja, kwa mfano tu. Tuseme sketi moja inamwachia mama 5000 franka baada ya uzi na zipu. Peke yake anamaliza tatu kwa siku: 15000. Akipata mtu wa kupinda chini, kushona vifungo na kupiga pasi, wawili hao wanamaliza tano. Msaidizi analipwa 1000 kwa kila sketi, yaani 5000, na mama anabaki na 20000. Amepata zaidi, na amelala mapema.

Lakini tuseme ni mwezi wa pili na wateja ni watatu tu kwa siku. Msaidizi yuleyule, malipo yaleyale, na mama anabaki na 12000. Sasa amepunguza chakula cha watoto wake ili apate mtu wa kuongea naye. (Kuongea nako kuna faida yake, sikatai.)

Kwa hiyo, kabla hujaita mtu, nunua daftari. Kwa wiki mbili andika kila mteja uliyemrudisha, na kila nguo uliyoitoa ikiwa imechelewa. Daftari likibaki jeupe, tatizo lako si mikono, ni wateja. Likijaa, ita mtu, na umlipe kwa kipande mpaka msimu upite.

Kazi gani umpe? Mkasi usimpe bado. Kitambaa kilichokatwa vibaya hakiungiki, na mwenye kitambaa ni jirani yako. Mpe vifungo, mpe matundu yake, mpe kukata nyuzi zinazoning'inia. Mpe pasi ya makaa, ila umwonyeshe kwanza namna ya kuitoa nje na kupuliza majivu yote kabla haijakaribia shati jeupe. Mambo madogo kama haya ndiyo yanayokula muda wako, na mtu mwangalifu anayajua kwa siku chache.

Na yule mtoto wa ndugu aliyekuja kutoka Kibombo, je? Tunapenda kumwambia, kaa hapa unisaidie, utakula. Ni upendo, najua. Lakini ikiwa ni mtoto wa shule ya msingi, asubuhi yake ni ya darasani. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali imetangazwa kuwa bure. Ikiwa ni mtu mzima, mtajie malipo yake siku ya kwanza, mbele ya shahidi wa nyumbani. Udugu unakaa vizuri zaidi pesa ikishasemwa.

Kazi ikiendelea mwaka mzima, andikeni karatasi. Kanuni ya Kazi ya nchi yetu, ya Oktoba 2002, inaruhusu muda wa majaribio, lakini kwa mfanyakazi asiye na ufundi majaribio hayo hayapiti mwezi mmoja. Kwenye karatasi hiyo wekeni siku, saa, malipo na sahihi mbili. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha kuanzia.

Ninyi mababa, naomba sikio lenu kidogo. Tangu Kanuni ya Familia irekebishwe Julai 2016, mke haombi tena ruhusa ya mume ili afanye mkataba. Sheria inataka mume na mke wapatane katika ahadi zinazowafunga. Mnapatana wapi kama si mezani, daftari likiwa wazi? Na pesa ya biashara ikae kwenye mkebe wake. Msaidizi hawezi kusubiri malipo yake kwa sababu jana tulinunua sabuni ya nyumba.

Kuna msaada mwingine usiolipwa kwa franka. Mama wawili wa mchele walio jirani sokoni wanaweza kupeana zamu: mmoja anakwenda bandarini boti za Ubundu zikifika, au stesheni siku ya treni, naye mwenzake analinda meza zote mbili. Kesho wanabadilishana. Wanaoaminiana kwenye likelemba, mchango wa pesa wa kupokezana, tayari wameshajaribiwa. Anayetoa mchango wake bila kusukumwa, mwachie meza yako. Kwa maoni yangu, hapa ndipo wengi wetu tungeanzia, kabla ya kuajiri mtu yeyote.

Nasi wateja? Unayesoma haya, kitambaa cha sare ya mwanao kiko wapi sasa? Kama kimeshanunuliwa, kipeleke kwa fundi Julai, na umwachie nusu ya malipo. Nusu hiyo ndiyo itakayomlipa msichana wa vifungo. Na ukimkuta pale barazani na sindano yake, msalimu naye kama fundi, kisha uulize sketi itakuwa tayari lini.