Mali Si Akili

Wahenga walisema akili ni mali. Chuo Kikuu cha Stanford, huko California, kimeupindua usemi huo. Kijana wa kigeni anayeomba kusomea uhandisi au fizikia chuoni hapo, akitamka kwamba wazazi wake hawamudu gharama, tamko hilo hutiwa katika mizani ya kumchagua. Mwenzake wa Kimarekani hapimwi hivyo.

Watetezi wa utaratibu huu husema kwamba fukara akishapokelewa hulipiwa upungufu wake wote. Ni kweli, lakini yamfaa nini karamu aliyezuiwa mlangoni kwa sababu ya njaa yake? Husema pia kwamba fedha zina kikomo. Hoja hiyo ni dhaifu. MIT, chuo cha teknolojia kilichoko Massachusetts, humchagua mgeni bila kuutazama mfuko wake, kisha humlipia pengo lote. Na hazina ya MIT ni ndogo kuliko ya Stanford. Ni dhahiri basi kwamba kinachopungua si fedha, bali nia.

Hesabu haijui tajiri wala maskini. Chuo kinachojinadi kuwa makao ya sayansi hakina budi kupima akili kwanza, na kufungua daftari la fedha baadaye.